Karatasi ni Mia Mbili

Mheshimiwa mwenyekiti,
jina langu Mwanamkasi Shekalaghe.
Nina duka la steneshenari, Barabara ya Kumi na Nne,
linatazamana na kituo cha polisi, mlango kwa mlango.
Nimeambiwa nina dakika tatu
na kengele kaishika yule kijana wenu mwenye tai.

Sikuja kusema polisi wabaya.
Wabaya wapo, hata kwa baba yangu wapo.
Nimekuja kusema habari ya karatasi.

Mtu akikatwa panga usiku Makorora,
Bombo hawamshoni mpaka aje na fomu ya polisi.
Kituoni fomu iliyobaki ni moja,
imenakiliwa, nakala ikanakiliwa,
hata ngao ya taifa pale juu imekuwa doa.
"Nendeni kwa Bi Mkasi mkatoe kopi."
Basi wanavuka barabara huku wanavuja.
Mashine yangu inajipasha, inakoroma,
nami nanyoosha mkono:
mia mbili.

Miaka kumi na moja, mheshimiwa.
Bati la choo changu limetoka humo.

Lile tangazo la ukutani, DHAMANA HAIUZWI,
nililichapa mimi, nikalitia plastiki lisichakae.
Halijachakaa.
Chini yake nilimwona mama yake Mbwego
akihesabu noti kwa kidole chenye unga wa muhogo.
Mbwego fundi baiskeli; walikuta kwake baiskeli ya wizi,
na baiskeli gani Tanga haijapita kwa fundi?
Mji huu wasema, waja leo waondoka leo.
Mbwego alikwenda Jumanne.
Alitoka Jumamosi
na vidole visivyofumbata spana.

Zamu ya wiki ile ilikuwa ya Konstebo Lwitiko.
Huyo ndiye ananikopa gundi na bahasha,
kiatu chake cha kushoto kinacheka,
chumba amegawana na familia nyingine kwa pazia.
Mwaka juzi aliniletea barua nimchapie, ya kuacha kazi.
Nilipofika "Wako mtiifu"
akasema, Bi Mkasi, futa.
Nikafuta.
Sikumtoza.
Mpaka leo sijui nimweke wapi mtu yule,
nimejaribu upande huu, nimejaribu upande ule.

Nasikia mnatunga sheria mpya.
Msituongezee gari. Gari huja na swali:
mafuta nani anatoa?
Fomu ikae hospitali. Nesi ashone kwanza,
kuuliza kutafuata, jeraha halikimbii.
Kile kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga
kitieni taa; wezi wetu si hodari,
ni giza tu linalowasaidia.
Na kila asubuhi aje mtu asiyevaa sare,
asiyekula mezani kwao,
aite majina ya waliolala mle ndani, mmoja mmoja,
aone wanaitika kwa sauti gani.
Mwenye daftari asiwe mwenye ufunguo.
Hilo tu hata mkisahau mengine.

Naona anainua kengele.
Ngoja mwanangu, namalizia.
Nikisema haya nalikata tawi nililokalia, najua.
Fomu zikiwepo, mimi nitauza nini?
Kalamu? Madaftari ya Januari?
Basi na liwe hivyo, duka life.
Nitakaanga bajia.

Kengele ikalia. Watu wakapiga makofi,
wengine, nadhani, kwa ajili ya bajia.
Katibu akanifuata mpaka mlangoni,
mpole, ana harufu ya marashi ya ofisini:
"Mama, maoni yako mazito.
Yalete kwa maandishi kabla ya saa kumi.
Nakala sita."

Nikavuka barabara na jua la utosi,
nikawasha mashine,
na kabla sijajizuia nilikwisha piga hesabu:
elfu moja na mia mbili.